Kufuli halichokonoleki: ni bovu, au mkono wangu bado?

Mwanagenzi_Darajani
Assalaam alaykum wanajamvi. Najifunza kazi ya ufunguo kwa ami yangu, kibanda chetu kiko upande wa Darajani. Ami hanipi kazi ya mteja mpaka mkono ukae sawa, kwa hiyo nimenunua makufuli mawili ya shaba ya kujifunzia. Aina moja, boksi moja, pini tano kila moja. La kwanza nikitia waya halinisumbui. La pili limeapa. Nabonyeza pini moja moja, kiini (kile cha kati kinachozunguka na ufunguo) kinasogea kidogo, halafu kinaganda hapo hapo. Nikikaza mkono ndo kwanza hakitikisiki. Ami yuko Pemba harusini, simu haipokei. Mwenye duka kasema kama bovu nimrejeshee kabla ya Ijumaa. Ntajuaje, nisije nikaenda kuaibika dukani?

Bi_Shangani
Huyu mnamjua nyie? Tunafundishana kufungua makufuli ya watu hadharani hivi?

Kijana_wa_Malindi
Shikamoo bi mkubwa. Mwizi wa mji huu hachokonoi. Anakuja na mtaimbo, anang'oa tumbuu pamoja na mnyororo wake, kufuli analiacha zima chini. Hana subira ya kukaa na waya mlangoni kwa mtu.

Bi_Shangani
Marahaba. Haya, lakini yangu macho.

Fundi_Kitasa_Mlandege
Waalaykum salaam yakhe. Ufunguo wake si unao? Mbona hukuutaja? Kwanza weka waya chini.

Tia ufunguo, zungusha. Kisha ligeuze kufuli juu chini, uzungushe tena. Likikubali upande mmoja na kugoma wa pili, kuna springi iliyokufa: pini haisukumwi na kitu, inaanguka kwa uzito wake na kukatiza pale kiini kinapopakana na ganda. Likikubali pande zote mbili, toa ufunguo, na kile chuma cha kuzungushia kiini usikitie. Waya peke yake. Bonyeza pini ya kwanza, iachie. Inatakiwa irudi yenyewe kwa nguvu, mpaka uisikie kwenye kidole. Nenda ya pili, hivyo hivyo mpaka ya ndani kabisa. Inayobaki juu, au inayorudi kivivu, ina mchanga, kutu, au springi yake imechoka.

Sasa kuna jambo wanagenzi wengi hulishika kinyume. Springi ikifa, mara nyingi kufuli huwa jepesi kuchokonoa, haliwi gumu. Kila tundu lina pini mbili, ya chini inagusa ufunguo, ya juu inasukumwa na springi. Ya juu ikishakwama huko juu, mahali pale hapana tena kinachozuia kiini, kwa hiyo la pini tano unapambana nalo la pini nne. Likiwa gumu kwa waya na laini kwa ufunguo wake, usimsumbue mwenye duka.

Mpemba_wa_Wete
Mafundi wa Unguja mnasahau bahari. Kufuli likikaa duka la pwani msimu mzima wa kaskazi hata kabla ya kuuzwa linakuwa limeshakula chumvi. Shaba yenyewe haishiki kutu, lakini ndani ya yale ya bei rahisi springi huwa za chuma. Chungulia tundu la ufunguo kwa tochi. Ukiona unga wa kijani au wa kahawia, lioshe kwa mafuta ya taa, likauke, kisha tia unga wa penseli. Na mafuta ya nazi asikudanganye mtu! Yananata, yanakusanya vumbi, mwisho pini zinalala.

Mwanagenzi_Darajani
Shukran sana. Ufunguo ninao, unazunguka laini, juu chini na chini juu. Pini zote zinaruka, ya nne na ya tano zina nguvu kuliko zile tatu. Unga sijauona. Lakini mbona pacha wake anafunguka na yametoka boksi moja?

Mzee_Mstaafu_Kikwajuni
Kijana, ziweke funguo zake mbili ubavu kwa ubavu uangalie meno. Boksi moja haina maana ya meno mamoja. Jino refu likikaa jirani na fupi, waya unapata tabu kufika kwenye pini ya nyuma bila kuinyanyua ya mbele kupita kiasi. Na ukiinyanyua ikavuka mpaka wa kiini na ganda, umejifungia mwenyewe. Hapo huna budi kuachia zote uanze upya.

Halafu elewa kwa nini kufuli linachokonoleka hata kidogo. Matundu ya pini hayakutobolewa sawasawa kiwandani. Ukikaza kiini, inabanwa moja kabla ya wenzake, unaimaliza hiyo ndipo inabanwa nyingine. Kama mashine ilikuwa imara siku lile la pili lilipotobolewa, tofauti ni ndogo na kidole hakiisikii.

Mwaka 1851 fundi makufuli wa Kimarekani, Alfred Hobbs, akiwa London alilijaribu kufuli la Bramah, mtengenezaji wa makufuli wa huko, lililokaa dirishani mwa duka tangu 1790 na ahadi ya gini 200 (pesa ya Kiingereza ya zamani) kwa atakayelifungua. Lilimchukua saa 51, zikatawanyika katika siku 16. Lilikuwa zima muda wote huo.

Fundi_Kitasa_Mlandege
Mzee kamaliza, naongeza moja. Kiini kusogea kidogo halafu kuganda, na ufunguo ni laini: hiyo dalili ya pini za kiuno. Pini ya juu imekatwa katikati mfano wa kigurudumu cha uzi wa cherehani, nene huku na huku, nyembamba kati. Kiini kinaingia kwenye kile kiuno, unadhani umeshinda. Ukikaza zaidi unajibana zaidi. Legeza kile chuma mpaka kidole kiwe kama hakipo, bonyeza pini moja moja taratibu. Ipo itakayokirudisha kiini nyuma, kinakusukuma kidole. Usipingane nacho, kiache kirudi. Zilizoshuka utazipandisha tena. Na hakikisha unazungusha upande ule ule wa ufunguo!

Mwanagenzi_Darajani
Ya nne ndiyo iliyonisukuma. Nilipoiachia, mbili zikashuka, nikazirudia, kikazunguka. Simrejeshei kitu mwenye duka.

Kijana_wa_Malindi
Mashallah. Ami akirudi usimwambie mara moja, mpe yeye kwanza ajaribu 😄

Nahodha_Mkoani
Samahani naingilia. Langu la chomboni ufunguo unazunguka mpaka mwisho, shingo, ule upinde wa chuma, ndiyo haitoki. Hilo nalo nichungulie pini?

Fundi_Kitasa_Mlandege
La, nahodha. Kiini kikishazunguka, pini zimemaliza kazi yake. Kutu iko kwenye shingo na ule ulimi wa ndani unaoishika. Tia mafuta ya taa kwenye matundu mawili ya shingo, liache usiku kucha. Asubuhi ibonyeze shingo chini kwanza, zungusha ufunguo ukiwa umeibonyeza hivyo hivyo, ndipo uvute. Ukivuta kwanza ulimi unabanwa, na ukilazimisha utakatia ufunguo ndani. La chombo safari ijayo tafuta lenye shingo ya chuma kisichoshika kutu, na ulioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka baharini.