Wikiendi ya mvinyo na mbuzi choma Dodoma: twende mwezi gani, tupangeje?

Bi_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne, tunatoka Dar Ijumaa baada ya kazi na Jumatatu asubuhi kila mtu awe ofisini kwake. Lengo ni kula vizuri na kuonja mvinyo kule kule zabibu zinakolimwa. Kuzunguka mji si haja yetu. Mmoja wetu hagusi kilevi kabisa na sitaki akae kama mlinzi wa mikoba. Naomba wanaoifahamu Dodoma mniambie mwezi unaofaa, kama treni inatosha au tubebe gari, tule nini na mvinyo upi, na chupa za kurudi nazo tuzibebeje zisiharibike kwa joto letu la huku.

---

Mpogoaji

Karibu Dodoma, dada. Panga mwezi kwanza, mengine yatajipanga yenyewe.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe joto likirudi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza namna hiyo, kwa hiyo anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake. Akishapogoa na maji yakiwepo, machipukizi hutoka, na miezi kama minne baadaye zabibu zimeiva. Ndiyo maana tunavuna mara mbili: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba.

Mavuno hayo mawili hayalingani. Ya Februari na Machi yanaangukia kwenye mvua. Tunda linajaa maji, sukari inashuka, vichala vinashambuliwa na ukungu, na mara nyingi mkulima analazimika kuchuma kabla ya wakati ili asipoteze vyote. Ya Agosti yanakuja katikati ya kiangazi, usiku una ubaridi, tunda linabaki dogo lenye ganda gumu na sukari nyingi. Kwa safari kama yenu mimi nachagua nusu ya pili ya Agosti mpaka katikati ya Septemba. Wiki ya Nane Nane iepukeni kama mnataka chumba kwa bei ya kawaida, na vivyo hivyo Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti linapokuwa limeujaza mji.

Shamba litembelewe asubuhi, saa 1 hadi saa 4. Uchumaji unafanyika kabla jua halijakaza, kwa sababu zabibu ikipata moto ndani ya kreti huanza kuchachuka kabla haijafika kiwandani. Mkifika saa 7 mchana mtakuta majani tu na watu wamepumzika. Muulizeni mwenye shamba awaonyeshe kipima sukari: unakamua tone moja la juisi juu ya kioo, unatazama kwenye mwanga, unasoma namba. Ikisoma briksi 22, yaani kama asilimia 22 ya sukari, mvinyo mkavu utakaotoka hapo utakuwa na kilevi cha asilimia 12 hadi 13. Ukishaiona namba hiyo, lebo ya chupa haitakuwa fumbo tena.

Msichume na kula bila kuuliza imepuliziwa dawa lini. Ubwiri unga, aina ya ukungu, ni adui mkubwa wa zabibu huku na dawa ya salfa hupigwa mara kwa mara. Halafu Makutupora Nyekundu, aina inayolimwa sana kwa ajili ya mvinyo, ina mbegu na ganda gumu. Si zabibu ya mezani, kwa hiyo asiyejua ataionja na kudhani ni mbovu.

Kuhusu kiwanda, pigeni simu siku chache kabla. Ulizeni kama wanapokea wageni Jumamosi, kama mitambo itakuwa inafanya kazi, na kama kuna mtu wa kuwaonjesha. Jumapili msiitegemee.

---

Abiria_wa_SGR

Treni inatosha, na kwa safari hii ni bora kuliko gari. Kwa barabara ni kama kilomita 450, mtafika usiku wa manane mmechoka na Jumamosi yenu itaanza saa 5. Treni ya haraka hutumia saa tatu na nusu hivi, ya kawaida inakaribia nne. Nauli iliyotangazwa huduma ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 daraja la kawaida Dar hadi Dodoma. Angalieni ya sasa wakati wa kukata.

Kateni tiketi za kwenda na kurudi kwa pamoja, mapema, kwa sababu za Ijumaa jioni na Jumapili jioni ndizo zinazoisha kwanza. Kila mtu abebe kitambulisho kile kile alichokatia tiketi. Geti hufungwa kabla ya treni kuondoka, na foleni ya Ijumaa kuelekea Kariakoo mnaijua: ombeni ruhusa ya kutoka kazini mapema au chagueni treni ya usiku zaidi. Kurudi, msichukue ya mwisho Jumapili. Ikichelewa hamna pa kukimbilia.

Dodoma mjini bajaji zinatosha. Kwenda Hombolo kwenye mashamba ya zabibu sahauni bajaji, ni zaidi ya kilomita 40 kwenda tu. Kodini Noah na dereva wake kwa siku nzima, mkubaliane mapema mambo matatu: mafuta ni ya nani, atasubiri saa ngapi, na kama bei inahesabu kurudi usiku. Na huyo mwenzenu asiyekunywa msimgeuze dereva, naye amelipa nauli ya kuja kupumzika.

---

Jiko_la_Upanga

Sasa chakula, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaonja mvinyo kwenye tumbo tupu saa 4 asubuhi, halafu saa 8 nyama inapofika ulimi umeshachoka. Kuleni kabla ya kutoka: chapati, mayai, maharage, chochote cha kushikilia. Kwenye kuonja, vidole viwili vya mvinyo kwenye glasi vinatosha kabisa, kama mililita 40. Mkionja aina sita kwa kipimo hicho, kila mtu keshakunywa karibu theluthi ya chupa. Kutema si aibu, ombeni ndoo.

Mpangilio: mweupe mkavu kwanza, kisha mwekundu mkavu, vitamu mwisho. Mkianza na dompo, ule mvinyo mtamu wa Dodoma, kila kitakachofuata kitaonekana kichachu.

Mwekundu mkavu wa Makutupora una ukakasi, ule unaokausha fizi. Ukakasi huo unalainika ukikutana na mafuta na chumvi ya nyama, kwa hiyo mbavu za mbuzi zinaupokea vizuri kuliko paja lisilo na mafuta. Kinachoupinga ni pilipili. Kilevi huongeza moto wa pilipili, na pilipili huongeza ukali wa kilevi, mwishoe huonji nyama wala mvinyo. Pilipili iwe kwenye kisahani pembeni. Kachumbari nayo isizamishwe kwenye ndimu: uchachu wa ndimu ukizidi wa mvinyo, mvinyo unakuwa kama maji. Nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, ndimu nusu kwa bakuli la watu wanne, basi.

Mweupe wa zabibu aina ya Chenin Blanc pelekeni kwa kuku wa kienyeji na kwa mlenda. Msiondoke Dodoma bila kula ugali wa uwele au mtama na mlenda wa Kigogo, ule wa majani makavu yaliyosagwa, wenye karanga. Ni chakula kipole, mwekundu unakifunika, mweupe uliopoa unakaa nacho vizuri. Kuku wa kienyeji agizeni saa moja na nusu kabla. Lazima achemshwe kwanza ndipo achomwe au akaangwe, na mpishi akiharakishwa ataruka hatua hiyo, mtatafuna mpaka jioni.

Vipimo kwa wanne: kilo moja na nusu ya mbuzi mbichi pamoja na mifupa, kuku mmoja, ugali. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano. Kwa wanywaji watatu, chupa mbili kwa mlo mrefu wa jioni zinatosha, na maji lita moja kwa kila mtu. Dodoma hewa ni kavu, kiu yake haijionyeshi kwa jasho kama ya Dar.

---

Bi_Tabata

Nashukuru sana, nyote. Tumeshakubaliana mwisho wa Agosti. Nimesikia Jumamosi kuna mnada wa Msalato na nyama yake inasifiwa. Tunaweza kuunganisha na Hombolo siku moja? Na mwenzetu asiyekunywa apate nini?

---

Mpogoaji

Mnaweza, kama Hombolo mtatoka saa 5 na mkakubali kula mchana saa 8. Msiongeze kituo cha tatu.

Kwa mwenzenu: msimu wa mavuno ombeni juisi ya zabibu iliyokamuliwa siku hiyo hiyo. Sisitizeni "siku hiyo hiyo", kwa sababu hamira ipo kwenye ganda la zabibu na kwa joto la mchana juisi ya jana imeshaanza kuchachuka. Akiisikia inachomachoma ulimini kama soda, aiache, kilevi kimeshaingia. Iliyochemshwa na kufungwa kwenye chupa ni salama kwake muda wowote.

---

Jiko_la_Upanga

Nyama ya mnadani ni nzuri, ila imechinjwa asubuhi ile. Msuli unakaza saa chache baada ya kuchinja na bado haujapata muda wa kulegea, ndiyo maana mtu anaenda mnadani na kurudi na taya linauma. Chagueni mbuzi mdogo, mchukue mbavu, mwambieni mchomaji asogeze makaa pembeni na achome taratibu kama saa nzima, chumvi iingie mwishoni. Moto mkali unaikausha nje, ndani inabaki kama kamba.

Mvinyo msiupeleke mnadani. Jua, vumbi na glasi za plastiki vitaumaliza. Pale kunyweni maji au soda, chupa zisubiri jioni.

---

Chumba_Baridi

Naongezea la chupa maana hakuna aliyeligusa.

Zinunueni mwisho, mkiwa mnarudi mjini, zisikae kwenye Noah wakati mko mnadani. Gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 ndani. Mvinyo unavimba, unasukuma kizibo, hewa inaingia, na ladha inaharibika. Mkiona kizibo kimejitokeza juu ya mdomo wa chupa au kuna utelezi wa mvinyo chini ya karatasi ya shingo, chupa hiyo imeshapata joto. Msiinunue hata dukani.

Kwenye treni soma kwanza masharti ya mizigo ya tiketi yako. Boksi la chupa sita lenye vigawanyo vya karatasi ngumu, gazeti katikati, na likae miguuni mwako, si kwenye rafu ya juu.

Kuna mvinyo wa kienyeji unaouzwa kwenye chupa za maji. Huo haujachujwa vizuri na mara nyingi sukari haijaisha. Dodoma usiku kuna ubaridi, hamira imetulia. Ukifika Dar inaamka, gesi inajaa, na kifuniko kinaruka sebuleni. Ukiupenda, unywe huko huko. Ukilazimika kuubeba, legeza kifuniko, usimamishe wima, na ukifika uweke kwenye friji.

Nyumbani, msifuate ule ushauri kwamba mwekundu unanyweka kwa joto la chumbani. Chumba cha Tabata kina nyuzi 30, na mwekundu unataka 16 hadi 18. Uweke kwenye friji saa moja na nusu hivi kabla ya kufungua. Mweupe ukae humo tangu asubuhi. Umesahau? Ndoo, barafu, maji hadi shingoni mwa chupa na konzi mbili za chumvi: dakika 20 inatosha, wakati barafu tupu bila maji itakuchelewesha kwa sababu inagusa chupa sehemu chache tu. Chupa iliyofunguliwa, hata ya mwekundu, irudi kwenye friji na imalizwe ndani ya siku tatu au nne. Dompo, kwa utamu wake na kilevi kilichozidi cha mvinyo wa mezani, itavumilia wiki kadhaa humo humo, nayo inapendeza na tende au korosho baada ya futari... samahani, baada ya chakula cha usiku kwa wanaokunywa. Mwenzenu mbakishieni tende.