Mjadala: Sherehe za sikukuu darasani, na mtoto anayeambiwa "wewe unaweza kutoka"

Mtoa mada:
Wanajamvi, salaam. Naileta hoja hii kabla msimu wa sikukuu haujaanza, maana ukishaanza kila mtu anakuwa na upande wake na hakuna anayesikiliza tena.

Nazungumzia madarasa ya chini ya shule ya msingi, watoto wa miaka sita mpaka tisa, katika shule inayopokea watoto wa dini zote na wasio na dini. Shule ambayo mzazi ameichagua akijua ni ya dini fulani, hiyo tuiache pembeni.

Mwalimu anapamba darasa, anafundisha nyimbo, watoto wanaigiza na kupeana zawadi. Mzazi mmoja akilalamika, jibu ni lile lile: hakuna anayelazimishwa, mwanao anaweza kutoka. Msimamo wangu ni kwamba ruhusa hiyo humuumiza mtoto kuliko sherehe yenyewe.

Hoja hii ina umri mkubwa kunishinda. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Abington dhidi ya Schempp. Sheria ya jimbo la Pennsylvania ilitaka shule za umma zifungue siku kwa kusoma angalau aya kumi za Biblia, na mtoto aliweza kusamehewe kwa barua ya mzazi. Edward Schempp, baba wa watoto waliohusika, alieleza kwamba aliifikiria barua hiyo akaamua kutoiandika. Watoto wangeonekana wa ajabu kwa wenzao, na wangesimama kwenye korido, mahali ambapo shuleni husimama aliyefanya kosa. Mahakama ilisema kuwepo kwa ruhusa ya kusamehewa hakuiponyi sheria hiyo.

Norwei nako yalitokea yanayofanana. Mwaka 1997 walianzisha somo la dini kwa wote, lenye ruhusa ya kusamehewa baadhi ya vipengele. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa majaji 9 dhidi ya 8, iliona haki ya wazazi imevunjwa. Mzazi alitakiwa kufuatilia yanayofundishwa, kuomba mwanawe asamehewe vipengele hivyo na kutoa sababu, na kwa kufanya hivyo angeweza kujikuta anaanika imani yake mbele ya shule. Karibieni.

Mzazi wa watoto watatu:
Mkuu, unachanganya mambo. Aya kumi kila asubuhi kwa amri ya sheria, na nyimbo za Krismasi mara moja kwa mwaka, ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukitaja kesi, taja na ya Sioux Falls, Dakota Kusini, huko huko Marekani. Mwaka 1977 watoto wa chekechea walikaririshwa maswali na majibu ya Krismasi kwa ajili ya onyesho, wakatokea waliolalamika, bodi ya shule ikatunga kanuni. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ilizikubali. Nyimbo zenye maudhui ya dini ziliruhusiwa kama sehemu ya urithi wa utamaduni, mradi zitolewe kwa busara na bila kuegemea upande.

Halafu tuseme ukweli: kila jambo likifutwa kwa sababu kuna mmoja halimhusu, darasa litabaki na ubao tu. Walio wengi nao ni watoto.

Mtoa mada:
Kesi hiyo naikubali, na umenisaidia. Kilichopita mahakamani ni zile kanuni. Lile onyesho la watoto kuulizwa na kujibu kwa kukariri ndilo lililofanya kanuni zitungwe. Kumfundisha mtoto kwamba Wakristo huadhimisha kuzaliwa kwa Yesu ni somo, na hata uamuzi wa 1963 ulisema wazi kwamba Biblia inaweza kusomwa shuleni kama sehemu ya elimu. Kumkaririsha aitikie kwamba Mwokozi wetu amezaliwa ni ibada, hata kama amevaa mabawa ya karatasi na kila mtu anacheka.

Mchangiaji mwingine:
Watoto wamekwenda kusoma. Futeni zote, sherehe zifanyike nyumbani. Mjadala umekwisha.

Mwalimu wa darasa la kwanza:
Haujaisha, ndugu yangu. Anayesema "futeni zote" hajawahi kukaa na watoto wa miaka sita wiki ya mwisho ya muhula. Sherehe wataifanya tu, na wataifanya uwanjani bila mtu mzima, na huko ndiko anayetengwa hutengwa vibaya zaidi.

Ila mnaizungumzia dini peke yake. Mimi shida kubwa naiona kwenye siku ambazo hazina dini. Siku ya Mama: darasa zima linachora kadi, na yupo aliyefiwa na mama, yupo anayelelewa na bibi, yupo ambaye mama yake ameondoka na hajulikani alipo. Kusherehekea siku za kuzaliwa: watoto wa Mashahidi wa Yehova hawashiriki, kama wasivyoshiriki Krismasi na Pasaka, kwa hiyo mtoto huyo anajitenga kila mwenzake anapotimiza mwaka. Sherehe ya mavazi: utajua nani kwao kuna pesa kabla hata kengele haijagonga. Hakuna mahakama itakayotuamulia hayo.

Na jambo jingine, wazazi wenye nia njema mtanisamehe. Mtoto wa miaka saba kusimamishwa mbele ya wenzake, "hebu tueleze kwenu mnafanyaje sikukuu yenu", anabebeshwa kuwa msemaji wa dini nzima wakati yeye anajua tu kwamba siku hiyo hulala kwa kuchelewa. Akitaka mwenyewe kusimulia, nitamsikiliza. Simwiti.

Mzazi wa Kiislamu:
Mimi ni wa upande wa wachache na sitaki Krismasi ya wenzetu ifutwe. Ongezeni Idi. Jiji la New York liliiweka Idi kwenye kalenda ya shule zake za umma mwaka 2015, na sheria ya kuongeza Diwali, sikukuu ya Wahindu, ikasainiwa 2023. Dunia haikuanguka.

Mtoa mada:
Haikuanguka, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini New York walichotoa ni siku ya mapumziko. Mtoto anabaki nyumbani anasherehekea na watu wake, hakuna anayetolewa darasani. Ukisema tusherehekee zote darasani, kalenda yenyewe inakukatalia. Idi inarudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka na huzunguka mwaka mzima kwa miaka kama 33, kwa hiyo mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi Idi ikiangukia likizo mara nyingi, huku Krismasi ikikuta mapambo yametundikwa mwezi mzima. Usawa wa hesabu hatutaupata. Mimi naangalia kitu kimoja tu: mtoto asiyehusika akibaki kwenye kiti chake, atakuwa anafanya nini? Kama ana kazi ya kweli ya kufanya pamoja na wenzake, shughuli hiyo inafaa. Kama itabidi atafutiwe pa kwenda, irekebishwe.

Mzazi wa watoto watatu:
Kipimo hicho nakikubali nusu. Kadi ya "mtu ninayempenda" badala ya kadi ya mama, sawa. Lakini wimbo je? Huwezi kuimba nusu wimbo.

Mwalimu wa darasa la kwanza:
Wimbo ndio unaonishinda hata mimi. Mapambo ya msimu, hadithi, siku moja ya furaha ya kufunga muhula bila jina la dini, hayo nimeyaweza. Kwenye wimbo wa dini, mtoto asiyeimba nilikuwa nampa ngoma apige. Mwaka jana mzazi mmoja akaniuliza kama kupiga ngoma si kushiriki. Nikamwambia sina jibu, akamwache mtoto achague, naye akaniambia mtoto ameshachagua: anataka kuimba, baba ndiye hataki. Hapo mtanisaidia, wanajamvi, kwa sababu muhula unaanza kabla ya huu mjadala kwisha na baba huyo atakuja tena.