Naomba ushauri: ninunue modemu ya kebo au tatizo ni waya?

Wakuu, salaam. Intaneti yangu ya nyumbani inapita kwenye waya uleule wa TV ya kebo. Modemu ni ya kukodi, ya DOCSIS 3.0 (kiwango cha kiufundi cha intaneti ya kebo), na kila mwezi nakatwa hela yake. Nafikiria kununua yangu ya 3.1, ila wenye uzoefu nisaidieni kwanza.

Mchana spidi iko vizuri, ikifika saa mbili usiku video zinakwama. Najua laini ya kebo mnachangia na majirani, kwa hiyo huenda modemu mpya isibadilishe kitu. Lakini nimefungua ukurasa wa modemu (192.168.100.1) nikakuta nguvu ya mawimbi yanayoingia ni -11 dBmV, na makosa yasiyorekebishika (data zilizofika zimeharibika na modemu ikashindwa kuzirekebisha) yanazidi kupanda. Kwa kawaida inatakiwa iwe karibu na sifuri, tuseme kati ya -7 na +7. Waya unapita kwenye kigawanyio cha njia tatu kabla ya kufika kwenye modemu, na kidude hicho kinaweza kula hadi 7 dB hivi. Njia moja haina hata TV, sijui aliyekifunga aliwaza nini.

Nikikitoa, naweza kufika kama -4. Je, makosa yatakwisha, au niite fundi apime waya wa nje pia? Na kwa kifurushi cha Mbps 200, 3.1 ina faida gani kweli, au ni mbwembwe tu? Wi-Fi msiitaje, nimepima kwa kompyuta iliyochomekwa waya moja kwa moja.