Wadau wa kusini naombeni ushauri: natafuta Xena wetu, ila mjomba mwenye kamera anataka awe bintiye

Kijana_wa_Mikindani:
Wakuu habari za jioni. Tuko vijana tisa hapa Mikindani tunaigiza vichekesho, sasa tumechoka na mume kafumaniwa kila wiki. Mnaikumbuka Xena, ile tamthilia ya TV ya mwanamke shujaa, ya 1995 mpaka 2001? Lucy Lawless, aliyekuwa Xena mwenyewe, anarusha lile duara la chuma linagonga kuta tatu linarudi mkononi, sisi tulikuwa tunarushiana mifuniko ya ndoo za rangi mpaka mwenzetu kachanika nyusi, kovu analo hadi leo. Nataka tuirudie kikwetu, badala ya miungu ya Kigiriki kina Zeus na Ares tuchukue ile simulizi ya Kilwa, Ali bin Hasan Mshirazi ananunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, mfalme anahamia bara halafu anajuta, anasubiri maji yapwe avuke kumuua. Shujaa wangu ni binti wa huyo mfalme, baba huku mgeni kule.

Shida ni hiyo nafasi. Binti wa mjomba ni mzuri kweli ila ukimwambia lia anacheka, halafu anauliza kama shavu linaonekana. Ninayemtaka ni dada mmoja mbangua korosho, juzi kadai chenji yake mia tano kwa bodaboda mtaa mzima ukanyamaza. Nikimchukua huyo kamera inaondoka. Nifanyeje?

Pweza_Mkavu:
Mkuu mbona rahisi, mtoto wa mjomba awe Gabrielle, yule rafiki wa Xena. Yule alianza kama binti wa kijijini, muongeaji, anamfuata tu Xena njia nzima. Kucheka kwake kutafaa. Xena bila Gabrielle ni ngumi tupu.

Kijana_wa_Mikindani:
Mjomba hataki kusikia habari ya nafasi ya pili.

Shangani_Boy:
Mpigie stori ya Lucy mwenyewe. Xena alianzia kwenye tamthilia nyingine, Hercules, kama adui, na aliyechaguliwa alikuwa Vanessa Angel, akaugua, ndo Lucy akaitwa. Ila ukimwambia hivyo ataanza kumuombea dada wa korosho malaria 😂

Mama_Ligula:
Mwanangu, na mazimwi mtatumia nini? Kama ni mapiko, vile vinyago vya ngoma ya Wamakonde, nendeni kwa wazee kwanza, lipiko si kinyago cha duka, asiyepita jando hatakiwi kujua nani yuko ndani. Mkimvua mbele ya kamera mtanikumbuka. Tengenezeni ya kwenu ya maboksi.

Mvuvi_mstaafu:
Na msikurupuke kwenda na mapanga Husuni Kubwa kule Kilwa, magofu yale ni urithi wa dunia tangu 1981, kule ni vibali kwanza. Pigieni hapohapo Mikindani siku ya bamvua, maji yakipwa mnapata kivuko cha bure, ila wekeni mtu wa kuangalia maji maana yakianza kujaa hayawasubiri. Mbona hata Ugiriki yao ilipigwa New Zealand.

Kijana_wa_Mikindani:
Mrejesho wakuu. Mjomba kauliza huyo Gabrielle anapanda farasi? Nikamwambia mara nyingi anatembea kwa miguu. Kanyamazaaa, kasema basi aongezewe maneno. Nimemuongezea kurasa mbili. Jumamosi tunajaribu, dada wa korosho kasema anakuja na mfuniko wake wa sufuria.