Tupeane uzoefu: walimu wa ufundi Nairobi, wanafunzi wenu walitengeneza nini kikatumika kweli?

Mwalimu wa Eastlands
Wadau, habari za jioni. Nafundisha Pre-Technical, yaani somo la ufundi, sekondari msingi. Tangu gredi ya 7 ianze 2023 nimeona jambo moja: mtoto ukimpa kazi isiyo na mwenyewe, atachora, atapata alama, basi. Muhula uliopita tuliunda rafu ya vikombe ya mama anayetupikia. Walimpima mpaka begani ili asijinyooshe akipanga, wakarudi kumpima tena bila kutumwa. Karakana hatuna, jiriwa ni moja. Nyinyi je? Simulieni.

Fundi Kariobangi
Mwalimu, mimi niliwapeleka wanafunzi wangu Kamukunji, kwa mafundi wa bati. Tulisimama kwa mzee mmoja anayekata bati za majiko, kelele za nyundo kila upande, ikabidi watoto wamsogelee kabisa. Mmoja akamuuliza kwa nini jiko limebanwa kiuno. Mzee akaliinua: kigae cha udongo kinakaa nusu ya juu, kimeshikwa kwa saruji, jivu linaanguka chini, na kitako kipana kinazuia jiko lisiyumbe mtu akisonga ugali. Nikawaeleza kwamba jiko hili lilisanifiwa hapa Kenya miaka ya 1980, wazo likitokana na jiko la ndoo la Thailand. Walishangaa sana. Walidhani kusanifu ni lazima uanze na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Tuliporudi wakaanza visanduku vya bati vya kuwekea chaki. Kundi moja lilikata bati kwa vipimo vilevile vya mchoro. Kukunja kingo milimita 5 kila upande, upana ukapungua sentimita nzima na kifuniko kikapwaya. Ukingo usiokunjwa unakata mikono, kwa hiyo kukunja hakuepukiki. Wakakata upya. Siku hizi kila mchoro wao una mistari ya vidoti inayoonyesha mkunjo, na mwalimu wa hesabu anavitumia visanduku hivyo kila siku.

Dada wa Kangemi
Shikamooni walimu. Mimi niko na kidato cha nne, hawa wa mfumo wa zamani wa 8-4-4. Shida yetu ni mchoro wa pande tatu: mbele, juu na ubavuni. Mtoto anachora isometriki, ule mchoro wa mshazari wa nyuzi 30 unaoonyesha pande zote tatu pamoja, vizuri kabisa, lakini umbo lenyewe halioni. Nikaanza kuwapa sabuni ya mche na kisu cha mezani. Unasoma mchoro, unachonga sabuni, unaishika usawa wa jicho, unalinganisha. Ukikosea unaona papo hapo. Binti mmoja aliyekuwa haulizi chochote darasani sasa ndiye anayewasahihishia wenzake.

Mzazi Umoja
Naunga mkono, ila mbao bei imepanda. Mnatoa wapi?

Fundi Kariobangi
Mzazi, palati kuukuu (zile fremu za mbao za kupakia mizigo) za soko la Gikomba zinasaidia sana. Lakini tafuta muhuri ubavuni kwanza. HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto. MB ilifukizwa kwa methyl bromide, ambayo ni sumu. Hiyo usimpe mtoto aipige randa wala msasa. Isiyo na muhuri pia mimi naiacha. Halafu ng'oeni misumari yote kabla ya kukata, la sivyo meno ya msumeno yataisha siku moja.

Mwalimu wa Eastlands
Asante sana, ndugu. Sisi tuna rundo la palati nyuma ya jikoni, kesho tunakagua mihuri kabla mtu hajagusa randa. Dada, hiyo sabuni mkishachonga inaenda wapi?

Dada wa Kangemi
Tunakusanya vipande kwenye kopo, tunaongeza maji, tunanawia mikono baada ya kazi ya gundi. Kopo linakaa mlangoni.