Bima ya afya kwa sisi tusio na mwajiri, Tanga

Wadau shikamooni, mi nachoma mihogo Sahare, siku nyingine narudi na elfu 4 siku nyingine patupu, mume wangu yuko baharini, bima tunaipataje?

—Marahaba mwanangu. Mwenye ajira anakatwa 3% ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, hata haumii, sisi tunatoa mfukoni. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kaya ya watu 6, nilikuwa natupia mia mia kwenye kopo la maziwa mpaka ikatimia.

—Sheria ya bima kwa wote ilipita 2023, wasio na uwezo walipiwe. Ila dada kama huyu, si fukara wa kuandikwa wala hana mshahara, ndo anaumia, inaniuma sana. Dada, muone mtendaji wa mtaa.

—Asanteni, kopo naanza leo.