Acheni kuzipora nchi ndogo mabingwa wao! Dominica si Jamhuri ya Dominika, Ahmed Salah wa Jibuti si Mhabeshi

Wakuu, hii tabia imezidi. Kila msimu wa riadha yanamwagwa mabandiko ya "mabingwa wa dunia", na kila mara zinazoporwa ni nchi ndogo. Bingwa akiwa Mmarekani hakuna anayekosea. Akitoka kisiwa cha watu 70,000, anapewa jirani mkubwa, tena na bendera juu.

Thea LaFond aliruka mita 15.02 mjini Paris tarehe 3 Agosti 2024 akachukua dhahabu ya miruko mitatu. Ni medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Dominica, kisiwa kidogo cha Karibi. Nyie mnamweka Jamhuri ya Dominika, nchi ya watu zaidi ya milioni 11 wanaozungumza Kihispania, inayopakana na Haiti, na yenye bingwa wake Marileidy Paulino aliyeshinda mita 400 Paris hiyohiyo kwa sekunde 48.17. Kosa linaanzia kwenye simu: unaandika jina, zinatokea bendera mbili, unabofya ya kwanza. Bendera ya Dominica ni ya kijani na katikati ina kasuku. Hiyo nyingine ina msalaba mweupe, bluu na nyekundu pembeni. Zinafanana wapi?

Jioni hiyohiyo Julien Alfred alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.72, akamwacha Sha'Carri Richardson wa Marekani kwenye 10.87. Medali ya kwanza ya Saint Lucia. Lakini huku anaitwa Mjamaika, eti kwa kuwa alisoma sekondari Jamaika; wengine wanamfanya Mmarekani kwa sababu ya chuo cha Texas. Tangu lini shule ikampa mtu uraia? Halafu Saint Lucia hiyo mnayoiruka ina washindi wawili wa Nobel, Arthur Lewis (uchumi, 1979) na Derek Walcott (fasihi, 1992), wote wazaliwa wa Castries.

Linaloniuma zaidi ni la Ahmed Salah wa Jibuti, kwa sababu huyu ni jirani yetu. Mwaka 1985 alishinda Kombe la Dunia la Marathoni Hiroshima kwa saa 2:08:09, na Jibuti ikabeba ubingwa wa timu, miaka minane tu baada ya uhuru. Aprili 1988 Rotterdam, Belayneh Dinsamo wa Ethiopia aliweka rekodi ya dunia ya 2:06:50. Nyuma yake, sekunde 17 tu, alikuwa Salah kwa 2:07:07, naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani ya 2:07:12. Oktoba mwaka huo kwenye Olimpiki ya Seoul, Gelindo Bordin wa Italia akampita yeye na Douglas Wakiihuri wa Kenya katika kilomita za mwisho: 2:10:32, 2:10:47, na Salah 2:10:59. Shaba hiyo ndiyo medali pekee ya Olimpiki ambayo Jibuti inayo mpaka leo. Ukimwandika "Mhabeshi", umeifuta nchi nzima kwenye orodha. Ethiopia ina medali lukuki, haihitaji hiyo.

Vénuste Niyongabo wa Burundi naye hatajwi kabisa. Atlanta 1996, Burundi ikiwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi ya mita 1,500, akahamia 5,000 na kumshinda Paul Bitok wa Kenya kwa sekunde 0.20.

Kuhakiki ni dakika moja. Fungua matokeo rasmi ya shindano lenyewe, usifungue orodha ya mtu mwingine, maana orodha hizo zinakopiana makosa. Tazama herufi 3 zilizo kando ya jina: DMA ni Dominica, DOM ni Jamhuri ya Dominika, LCA Saint Lucia, DJI Jibuti, BDI Burundi. Hizo zinaonyesha nchi aliyoichezea siku ile. Mahali alipozaliwa, klabu na chuo ni habari nyingine, viandike kando. Na kama mwanariadha amebadili nchi, andika nchi ya mwaka wa medali unayoitaja.

Ukikosolewa, hariri bandiko la kwanza lenyewe. Kuandika "samahani, nimekosea" kwenye jibu la 40 hakusaidii, kwa sababu watu wanapiga skrinshoti ya juu na kuisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, na majibu ya chini hayasafiri nayo.